Nani Alikuwa Steringi wa Palo Duro?

Sisi tuliokulia mjini tulimjua kauboi kabla hatujajua Texas iko upande gani wa dunia. Tulikutana naye kwenye vibanda vya video, tumebanana kwenye mabenchi, feni haizunguki, na aliyekaa mbele yako ana kichwa kikubwa. Kauboi alikuwa na kofia pana, bastola kiunoni na farasi asiyechoka. Kanuni ilikuwa moja na hakuna aliyeibishia: steringi hafi. Na wale waliotokea juu ya kilima wakiwa na manyoya ya ndege kichwani, ambao tulizoea kuwaita Wahindi Wekundu, tulishangilia walipoanguka kutoka juu ya farasi. Nasema tulishangilia kwa sababu na mimi nilikuwemo, tena kwa sauti.

Sikumbuki hata siku moja niliyojiuliza: hivi hawa ng'ombe anaowaswaga ni wa nani? Na kabla ng'ombe hawajafika pale, nyasi zile zilikuwa zinaliwa na nani? Nimekuja kuuliza ukubwani. Nikaanza kusoma, na nilichokikuta ni kisa cha mtu mmoja aliyewafukuza wanyama kwenye korongo lao, halafu miaka miwili baadaye akawaokoa wasiishe kabisa. Leo anakumbukwa kama shujaa. Je, ni shujaa kweli? Hebu kaa vizuri nikusimulie, halafu utahukumu mwenyewe.

Mahali penyewe panaitwa Nyanda za Kusini: kaskazini mwa Texas, magharibi mwa Oklahoma, kusini mwa Kansas, mpaka mashariki mwa New Mexico. Ni nchi tambarare mno, mtu unaweza kutembea siku nzima usione hata kichuguu. Halafu ghafla ardhi inakatika chini ya miguu yako. Hapo umefika Palo Duro, korongo lenye urefu wa karibu kilomita 190, na kuna mahali kina chake kinafika mita 250 hivi. Juu ni upepo na jua, chini kuna maji, miti na kinga ya baridi. Mwenye kushika korongo lile ameshika uhai wa nyanda zile.

Mnyama wa nyanda hizo alikuwa baisani. Wazungu walimpa jina la nyati, wakakosea, na kosa lao likadumu mpaka leo. Huyu si nyati wetu wa Mikumi. Ana nundu kubwa mabegani, kichwa kizito kinachoinama karibu na ardhi, na manyoya mazito kuanzia kichwani hadi miguu ya mbele, utadhani kajifunika blanketi akasahau kufunika sehemu ya nyuma. Dume mzima anaweza kufika kilo 900. Mwanzoni mwa karne ya 19 Amerika Kaskazini ilikuwa na baisani wanaokadiriwa kati ya milioni 30 na milioni 60.

Waliomtegemea huku kusini ni Wakomanche, Wakiowa, Wacheyenne na Waarapaho. Nyama yake ilikuwa chakula, ngozi yake ikawa hema na nguo, kano zake zikawa uzi, na kinyesi chake kikavu kikawa kuni katika nchi isiyo na miti. Farasi, waliotokana na wale walioletwa na Wahispania, waliwapa Wakomanche mbio na nguvu, na kwa zaidi ya miaka 100 hapakuwa na Mhispania, Mmexico wala Mtexas aliyepita kwenye nyanda zile bila kuwahofia.

Nisikudanganye lakini, ndugu msomaji, kwamba mambo yote yalikuwa shwari mpaka Mzungu alipokuja. Wanahistoria kama Dan Flores na Pekka Hämäläinen wameonyesha kwamba baisani walianza kupungua kabla ya hapo. Farasi wa Wakomanche walikuwa maelfu kwa maelfu na walikula nyasi zilezile, walikunywa maji yaleyale. Biashara ya ngozi zenye manyoya ilikuwa imekwisha kuingia. Halafu katikati ya karne ya 19 ukaja ukame mkali. Kwa hiyo baisani alikuwa amekwisha kudhoofika. Ila kudhoofika ni kitu kimoja, na kuchinjwa akaisha ni kitu kingine.

Sasa sikiliza vizuri hapa, maana ndipo penye fundo. Mwezi Oktoba 1867, mahali panapoitwa Medicine Lodge, Kansas, serikali ya Marekani ilitia saini mikataba na makabila hayo. Walikubali kwenda kukaa katika maeneo waliyotengewa, na wakabakiziwa haki ya kuwinda kusini mwa mto Arkansas. Lakini haki hiyo ilifungwa kwa sharti: itadumu maadamu baisani wangalipo kwa wingi wa kutosha kuwindwa. Umeona mtego? Haki ya watu ilitundikwa shingoni mwa mnyama. Hukuhitaji kuuvunja mkataba. Mmalize mnyama, mkataba unajifia wenyewe.

Na kweli, haikuchukua muda. Mwaka 1871 viwanda vya ngozi viligundua jinsi ya kuitengeneza ngozi ya baisani iwe imara ya kufaa viwandani, na mojawapo ya kazi zake ikawa mikanda ya kuzungushia mashine. Mwaka 1872 reli ikafika Dodge City. Bunduki za masafa marefu zilikuwepo tayari. Mwindaji mmoja mzoefu alijificha upande ambako upepo ulitoka kwa wanyama kumwelekea yeye, akampiga jike kiongozi kwanza, wengine wakabaki wanazungukazunguka wasijue pa kwenda, naye akaendelea mmoja mmoja. Nyuma yake wakafuata wachunaji. Ngozi ilipakiwa treni, nyama ikaachwa ioze juani. Kati ya 1872 na 1874, kwa hesabu zilizokusanywa wakati ule, zaidi ya baisani milioni 3 waliuawa na wawindaji wa Kizungu kwenye nyanda za kusini.

Walikuwepo waliopinga. Mwaka 1874 Bunge la Marekani lilipitisha muswada wa kumlinda baisani. Rais Ulysses Grant hakuutia saini, akauacha tu mezani mpaka muda ukapita, ukafa. Waziri wake wa Mambo ya Ndani, Columbus Delano, alikwisha kuandika katika taarifa yake kwamba yeye hatasikitika sana baisani wakitoweka, kwa kuwa kutoweka kwao kungewalazimisha wenyeji wategemee kilimo. Hakuna aliyeficha, bwana. Imo kwenye makaratasi ya serikali.

Wakomanche na wenzao waliona kinachokuja. Tarehe 27 Juni 1874 mamia ya wapiganaji, miongoni mwao kijana Quanah Parker, walikishambulia kituo cha wawindaji wa ngozi mahali panapoitwa Adobe Walls. Walishindwa. Jeshi likatoka kuwasaka, na mnamo tarehe 28 Septemba Kanali Ranald Mackenzie na askari wake wa farasi waliteremka Palo Duro alfajiri, ambako familia zilikuwa zimepiga kambi kungoja majira ya baridi. Watu waliokufa siku ile walikuwa wachache, wengi walikimbia. Lakini mahema yalichomwa, na akiba ya chakula ikachomwa. Farasi zaidi ya 1,000 waliotekwa wakapelekwa kwenye korongo la jirani liitwalo Tule, wakapigwa risasi mpaka wakaisha.

Fikiri kidogo juu ya hilo. Jeshi halikuhitaji kuua watu. Liliua miguu yao. Mtu wa nyanda asiye na farasi, asiye na baisani, na majira ya baridi ndiyo hayo yanabisha hodi, atakwenda wapi? Tarehe 2 Juni 1875 Quanah na watu wake walijisalimisha Fort Sill. Miaka mitatu minne baadaye uwindaji wa ngozi nao ukafa Texas, kwa sababu hapakubaki cha kuwinda. Waliofuata ni waokota mifupa, waliojaza mabehewa kwa mabehewa ya mifupa ya kutengenezea mbolea na kusafishia sukari. Hata mifupa haikuachwa ipumzike.

Ndipo anapoingia steringi wetu.

Charles Goodnight alizaliwa Illinois mwaka 1836, akapelekwa Texas akiwa mtoto. Alikuwa mpelelezi wa askari wa mpakani, na mwaka 1860 alikuwemo katika msafara ulioshambulia kambi ya Wakomanche kando ya mto Pease na kumchukua Cynthia Ann Parker, mama yake Quanah. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe akawa mswagaji wa ng'ombe. Mwaka 1866, yeye na Oliver Loving walifungua njia ya kupeleka ng'ombe New Mexico, na njia hiyo ina majina yao mpaka leo. Mwaka 1876, watu wa Palo Duro wakiwa wameondolewa, Goodnight alifika ukingoni mwa korongo na ng'ombe 1,600, akiongozwa na Mmexico aliyewahi kufanya biashara na Wakomanche. Walilifungua gari vipande vipande wakalishusha kwa migongo ya nyumbu. Na chini walikuta baisani kwa maelfu. Goodnight na vijana wake wakawaswaga mbele yao kwa kelele na milio ya bunduki, wakawasukuma mbali, ili ng'ombe wapate nyasi.

Shika hilo moyoni. Baisani wa Palo Duro aliondolewa na Goodnight mwenyewe.

Ranchi ile ilihitaji mtaji, nao ulitoka mbali. Mwaka 1877 Goodnight aliingia ubia na John Adair, tajiri wa Ireland, na ranchi ikapewa herufi za jina la mwenye fedha: JA. Huyu Adair nilipomsoma nilisimama kidogo. Mwaka 1861, huko Derryveagh katika wilaya ya Donegal, aliwafukuza wapangaji wake kwenye ardhi, watu 244, wake kwa waume na watoto, nyumba zao zikabomolewa wasirudi. Baadhi yao waliishia kupanda meli kwenda Australia. Miaka 16 baadaye fedha za mtu huyohuyo zinatandikwa juu ya ardhi nyingine iliyokwisha kusafishwa watu wake. Wakulima wa Donegal na Wakomanche wa Texas hawakupata kuonana hata siku moja, lakini kwenye daftari la Adair walikuwa ukurasa mmoja.

Ardhi yenyewe ilinunuliwa kwa akili. Goodnight alichagua vipande penye maji na nyasi bora tu, kama viraka vya kanga vilivyounganishwa ovyo, na aliyebaki na sehemu nyingine asingeweza kuitumia. Kufikia katikati ya miaka ya 1880 JA ilikuwa inachungia zaidi ya ekari milioni 1 na ng'ombe karibu 100,000.

Sasa kuna mtu ambaye filamu haziwi na muda naye. Mary Ann Goodnight, waliyemwita Molly, mke wa Charles, aliteremka korongoni mwaka 1877. Jirani wa karibu alikuwa mwendo wa siku kadhaa. Miezi ilipita asione mwanamke mwenzake. Inasimuliwa kwamba kauboi mmoja alimletea kuku watatu kwenye gunia, akidhani watakuwa kitoweo. Molly akakataa kuwachinja. Akawafuga na kuzungumza nao, maana ndio waliokuwa wenzake wa mchana. Mimi kisa hiki cha kuku kinanigusa kuliko risasi zote za Adobe Walls. Mtu anayezungumza na kuku anajua maana ya kuachwa peke yake.

Basi mwaka 1878 wawindaji walipokuwa wakimalizia makundi ya mwisho, ndama wa baisani walibaki bila mama. Risasi haikupotezwa kwa ndama, ngozi yake haikuwa na bei. Walilia usiku, wakafa kwa njaa au wakaliwa na mbwa mwitu. Molly ndiye aliyemshikilia mumewe: tuwakamate hao, tuwalee. Charles akatoka na kamba, akarudi na ndama wachache. Wakanyonyeshwa na ng'ombe. Wakakua, wakazaa, na kadiri miaka ilivyopita wakapita 200.

Mwaka 1889 William Hornaday alipochapisha hesabu yake ya baisani waliobaki bara zima, hawakufika hata 1,100. Toka mamilioni mpaka idadi ambayo ungeweza kuiita majina mmoja mmoja. Baisani wa leo karibu wote ni uzao wa makundi machache yaliyofugwa na watu binafsi, baadhi yao wenyeji, na katika nyanda za kusini kundi lililosalimika ni lile la ndama wa Molly. Linaitwaje? Linaitwa kundi la Goodnight. Katika picha na mabango mwenye ndevu na kofia ni Charles. Molly ni mkono uliotoka nje ya picha.

Na hayuko peke yake huko nje ya picha. Yuko Bose Ikard, mtu mweusi aliyezaliwa mtumwa Mississippi katika miaka ya 1840, akapelekwa Texas na bwana wake. Uhuru ulipokuja, alipanda farasi akawa kauboi, akasafiri na Goodnight miaka minne kwenye njia ile. Goodnight alimwamini kuliko benki: alimpa abebe fedha za mauzo, kwa kuwa hakuna mwizi ambaye angefikiria kumpekua mtu mweusi. Hebu pima sentensi hiyo mwenyewe. Ubaguzi wa watu wengine ulifanywa kuwa sanduku la kutunzia pesa. Ikard alifariki Januari 1929, na Goodnight, akiwa na umri wa miaka 92, alimwekea jiwe la kaburi lenye maneno ya heshima. Ni jambo jema, silikatai. Lakini sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu Ikard ni yale yaliyotoka kinywani mwa Goodnight. Ikard mwenyewe angesema nini? Hakuna aliyemkalia na kalamu.

Wanahistoria wanakadiria kwamba kama robo hivi ya makauboi wa njia zile walikuwa watu weusi. Wengine wengi walikuwa Wamexico, na kazi yenyewe ni ya Kihispania na Kimexico toka kamba mpaka tandiko, ndiyo maana hata neno ranchi ni la kwao. Sisi kwenye vibanda vyetu tulioneshwa Wazungu watupu. Na wala hakuwa bwana mkubwa huyo kauboi. Alikuwa kibarua. Mwaka 1883 makauboi wa kaskazini mwa Texas waligoma kudai dola 50 kwa mwezi, maana wengi hawakuwa wakipata zaidi ya dola 40. Mgomo ulivunjwa, wakafukuzwa, wakaajiriwa wengine. Kumbe steringi naye alikuwa anadai mshahara!

Ranchi nazo hazikudumu katika ukubwa ule. Seng'enge ilipata hataza mwaka 1874, na katika miaka michache wenye ranchi wakavuta uzio mrefu kukatiza nyanda ili ng'ombe wa kaskazini wasiteremke kusini wakati wa baridi. Januari 1886 ikaja dhoruba ya theluji. Ng'ombe waliukimbia upepo kama kawaida yao, wakafika kwenye seng'enge, wakasimama. Wa nyuma wakawakandamiza wa mbele. Wakagandia pale kwa maelfu, wamepangana kando ya waya. Nchi ile ilikuwa imelisha baisani karne na karne bila uzio. Watu walihitaji miaka kumi tu kuigeuza kuwa mtego.

Goodnight na Quanah walikuja kuonana. Ilikuwa 1878. Quanah na kundi la watu wake, wakiwa na njaa huko walikotengewa, waliruhusiwa kutoka kwenda Palo Duro kuwinda baisani. Walifika wakakuta ng'ombe. Wakaanza kuchinja ng'ombe, watu wangefanya nini? Goodnight akatoka kuzungumza nao. Wakakubaliana: atawapa ng'ombe wawili kila baada ya siku mbili mpaka watakapompata baisani, nao wasiguse kundi lake. Wawili hawa baadaye wakawa marafiki. Watu husimulia kisa hiki kama mfano wa busara, na busara ipo. Lakini mimi namwona Quanah amesimama ndani ya nyumba yake mwenyewe, anapokea chakula kwa mgeni aliyehamia. Na mgeni anahesabiwa kuwa mkarimu.

Mwaka 1907 baisani walirudi Oklahoma, na walirudi kwa treni. Ni treni hizohizo zilizobeba ngozi zao. Bustani ya wanyama ya Bronx, New York, ilipeleka baisani 15 kwenye hifadhi ya milima ya Wichita. Waliposhushwa kituoni Cache mwezi Oktoba, Quanah Parker na watu wake walikuja kuwapokea. Wazee waliokuwepo waliwahi kuwinda baisani, watoto waliofuatana nao hawakuwahi kumwona. Wanyama wale iliwabidi kupakwa mafuta machafu ili kupe wasiwaue, kupe walioletwa na ng'ombe. Na ardhi ya hifadhi? Ilikuwa sehemu ya eneo walilotengewa Wakiowa, Wakomanche na Waapache mpaka 1901, serikali ilipolifungua kwa walowezi.

Wakiowa wana simulizi kwamba baisani wa mwisho hawakuuawa. Waliingia ndani ya mlima Scott, mlima ukajifungua, na ndani kulikuwa na nchi ya kijani kama zamani. Mlima Scott uko katika milima hiyohiyo ya Wichita. Sina la kuongeza hapo.

Tabu ni kwamba hata huzuni ilikuja kuwa maonyesho. Mwaka 1916 Goodnight, mzee wa miaka 80, aliwaalika Wakiowa kuja kwenye ranchi yake kuwinda baisani kwa mishale kama zamani, mbele ya umati na mbele ya kamera. Filamu ikatoka, ikaitwa Old Texas. Ndiyo, rafiki yangu, filamu! Wale waliokuwa wamenyimwa uwindaji walialikwa wauigize. Sijui niwe upande gani hapa. Pengine kwa wazee wale ilikuwa siku ya furaha ya kweli, mkono ukikumbuka upinde. Pengine ilikuwa vyote viwili kwa mpigo. Nikiandika kimoja tu nitakuwa nimesema uongo.

Molly alifariki 1926, Charles Desemba 1929. Kundi lao likabaki bila mwangalizi, likazurura ndani ya ardhi ya JA miongo kadhaa likipungua. Mwaka 1997 wenye ranchi waliwatoa baisani waliobaki, kiasi cha dazeni tatu tu, kwa jimbo la Texas, wakahamishiwa kwenye hifadhi ya Caprock Canyons. Vipimo vya vinasaba vilionyesha kwamba wana alama ambazo hazikuonekana katika makundi mengine, na pia kwamba wamezaliana ndugu kwa ndugu kwa muda mrefu mno. Ikabidi waletewe madume watatu kutoka New Mexico. Mwaka 2011 wakafunguliwa kutoka kwenye zizi waanze kutembea hifadhini. Leo wamepita 300, na wanatambulika kama kundi rasmi la jimbo. Mwaka 2016 baisani alitangazwa kuwa mnyama wa taifa la Marekani, taifa ambalo Rais wake aliwahi kuacha muswada wa kumlinda ufie mezani.

Caprock Canyons iko wilaya ya Briscoe. Korongo la Tule, walipopigiwa risasi farasi wa Wakomanche mwaka 1874, liko wilaya hiyohiyo. Baisani wamerudi kwenye ujirani wa mifupa ile. Wenyeji nao hawakukaa wakingoja: toka 1992 makabila mengi yana umoja wao wa kurudisha baisani kwenye ardhi zao, na Wacheyenne na Waarapaho wa Oklahoma wana kundi lao wenyewe. Wao hawasemi wanahifadhi urithi. Wanasema jamaa amerudi nyumbani.

Hilo neno urithi limenisumbua wakati wote wa kuandika makala hii. Watu wa nyanda zile husema ranchi na baisani ni urithi wao, na nawaelewa. Lakini urithi kwa Kiswahili chetu una maswali yake: nani kafa, nani karithi, na nani alistahili asipewe? Kwenye matanga yoyote ya mtaani kwetu maswali hayo hayakwepeki, hata kama yatazua ugomvi.

Kwa hiyo nirudi kwa Goodnight. Aliwafukuza baisani, aliwaokoa baisani. Alipigana na Wakomanche, aliwalisha Wakomanche. Alimtumia Bose Ikard, alimheshimu Bose Ikard. Aliyetaka shujaa atamkuta, na aliyetaka jambazi naye hatakosa. Mwandishi mvivu atachagua nusu moja. Mimi nilipoanza nilitaka kuandika ya jambazi, maana ndiyo ingenipa raha ya kulipiza kisasi cha vile vibanda vya video. Ndama walionyonyeshwa na ng'ombe wakanikatalia. Bila ndama wale kundi la kusini lingekwisha, na huo ni ukweli. Bila Goodnight na wenzake wasingekuwa yatima, na huo nao ni ukweli.

Ila kama mtanibana niseme steringi alikuwa nani, sitamtaja. Nitamtaja mwanamke aliyekataa kuchinja kuku watatu, aliyesikia kilio usiku akasema hapana. Hakuna filamu yake niliyowahi kuiona kwenye benchi lolote. Na nitataka ianze kabla yake: korongo asubuhi, moshi wa mahema, farasi wakinywa maji, na baisani huko juu kwa wingi mpaka huoni nyasi. Kamera ikae hapo muda mrefu. Watazamaji wawajue kwanza wenye nyumba, ndipo mgeni abishe hodi.